Mkono Mgongoni, Kona ya Majani

Giakanja, 2 Machi 2025

Ngendo,

Umekufa? Kama umekufa ungetuma mtu atuambie tuje kukuzika, na kama hujafa, hiyo miguu yako ina kazi gani? Tangu yale mashindano ya Desemba hujakanyaga hapa. Krismasi nilichinja jogoo nikakuwekea paja, likakaa mpaka mbwa akanihurumia akalila. Mwaka mpya hukuja. Kabura ameoza binti yake, watu wamecheza mpaka ua ukalala chini, hukuja. Nanyuki si ng'ambo ya bahari. Abdullahi huenda asubuhi kununua mbuzi na jioni amerudi nao wakilia.

Simu nimeacha. Nikikupigia unasema, niko sawa Shosho, halafu inakatika, na mimi sijui ni mtandao umekata au ni wewe. Karatasi haikatiki. Ndiyo nimekuja kwa Istahil wa Abdullahi, dukani, nimekaa juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, mimi nasema na yeye anaandika. Kikuyu hajui kukiandika, kwa hivyo utanisikia kwa Kiswahili changu cha sokoni. Amefunga Ramadhani, hata mate anameza kwa adabu, na bado amekubali kazi yangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengeneze. Anacheka. Andika hiyo pia, kwamba unacheka.

Sasa nikuulize jambo la Desemba, kwa maana limenikaa kooni.

Siku ile tulikuwa kwa kituo cha majani, tumeshapima chai yetu, vikapu chini. Tukasikia ati baiskeli zinapanda kutoka Nyeri mjini kwenda mpaka msituni. Wavulana wakapita. Halafu wasichana, mmoja, wa pili. Halafu wewe. Ulikuwa na uso wa mtu aliyebeba kuni mbichi. Ile kona yetu unaijua, hata punda huifikiria mara mbili. Na watu wazima wamesimama pale kando ya barabara na simu zao, mikono mingine mifukoni, wanapiga makofi. Mtoto anaumia mbele yao, wao makofi. Nikajiuliza hawa wamezaliwa wapi.

Wewe umelelewa hapa, sina haja ya kukufundisha. Mume wangu, guka yako, akitoka sokoni na viazi juu ya ile baiskeli kubwa nyeusi, hakupanda kona ile peke yake hata siku moja. Yeyote aliye njiani aliweka mzigo wake chini akasukuma. Hakuuliza jina. Hakusalimu, kwa maana pumzi ni ya mlima. Salamu ni juu. Ukifika juu ndipo mwenye baiskeli anashuka, anageuka, anakupa mkono na kukuuliza habari za nyumbani. Mtu aliyempita aliyelemewa bila kumsukuma, jina lake lilitembea kuliko yeye.

Basi nikafunga leso kiunoni, nikaweka mkono mgongoni mwako, nikasukuma. Kabura akaja nyuma akanisukuma mimi. Tulikupeleka mpaka pale barabara inalala. Mwanamume mmoja wa kizibao cha njano alikuja juu ya pikipiki, akapiga firimbi, akaandika kwa kitabu. Nikamwambia naitwa Wakiuru, aandike vizuri.

Nilingoja pale kona. Wengine walienda kukamua, mimi nilingoja. Nilisema atafika juu, ateremke, anisalimu. Hukuteremka. Jua likaingia, nikachukua kikapu changu nikaenda.

Kanisa lote linajua nilikusukuma ukawa wa tatu. Ni wewe tu hujasema. Kama ni aibu, kwamba shosho yako alionekana na gambuti zenye matope mbele ya wenzako wa mjini, sema. Mimi sivunjiki. Lakini ruhusa ya kunyamaza siwezi kukupa.

Jibu kwa karatasi. Abdullahi yuko Nanyuki kila Jumatano.

Mimi shosho yako,
Wakiuru
(kwa mkono wa Istahil)


Nanyuki, 12 Machi 2025

Kwa Shosho wangu mpendwa,

Natumaini wewe ni mzima, na ng'ombe pia. Mimi niko sawa. Nisamehe kwa kunyamaza. Kazi ni nyingi sana hapa kwenye duka la dawa za mifugo. Huu ni wakati wa chanjo, watu wanakuja na kuku kwenye mifuko, kuna mzee alileta ndama kwenye gari dogo la kukaa watu, amefungwa mkanda. Asubuhi nafanya mazoezi kabla ya kufungua duka, jioni nafanya hesabu, usingizi unanipata nikiwa bado na viatu.

Mashindano yatarudi tarehe 24 Mei, barabara ile ile. Wasichana watatu wa kwanza watapelekwa Kigali kushindana na wa nchi nyingine. Ninataka sana nafasi hiyo, Shosho. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Mei ni mvua na ile kona itakuwa na matope, kwa hivyo usijisumbue kutoka. Nitakuambia kila kitu baadaye. Desemba ilikuwa siku ndefu. Asante kwa kunijali.

Aibu juu yako sina. Usiseme hivyo tena.

Mjukuu wako,
Ngendo


Nanyuki, 12 Machi 2025

Dada Istahil,

Hii ni yako, usimsomee Shosho.

Najua umeshasikia kutoka kwa Nimo, kwa sababu ni mtoto wa kaka yako na alikuwa kwenye mashindano. Siku ile nilivuka mstari nikiwa wa tatu. Kabla sijanywa maji wakaniambia jina langu limefutwa. Sheria ni kwamba mtu wa kando akikusukuma, unatoka. Nimo aliyekuwa wa nne akawa wa tatu, yeye ndiye aliyeenda Iten, kwenye kambi ya mazoezi ya watatu wa kwanza. Hana kosa lolote. Alinipa hata nusu ya chakula chake nikashindwa kumeza.

Sikuteremka kumsalimu Shosho kwa sababu nilikuwa nyuma ya lori nikilia. Sasa ananiandikia kwamba amesimulia kanisa zima. Nikija nyumbani atanikalisha mezani anisifu, na wageni wataitwa, na mimi nitatabasamu namna gani? Nikimwambia ukweli nitamvunja. Afadhali abaki na furaha yake.

Tafadhali, hifadhi hili.

Ngendo


Giakanja, 30 Machi 2025

Ngendo,

Barua yako imefika. Istahil ameisoma mara mbili na mara zote mbili haikusema kitu. Nimeuliza mahindi, umenijibu maharagwe. Kuku wa watu, ndama wa watu, hesabu ya duka. Mimi nilitaka kujua kwa nini hukuteremka.

Lakini nimepata neno moja humo, kwamba hujawahi kutaka kitu hivi. Hilo nimelisikia. Istahil alipolisoma nilimwambia arudie.

Basi nimefikiri. Najua shida ya Desemba ilikuwa nini. Tulikuwa wachache. Mkono mmoja wa mwanamke mzee na Kabura mwenye kifua kibaya, hiyo ni msaada gani? Sasa nimeongea na wanawake wote wa kituo. Tarehe hiyo hakuna kuchuma chai. Tutajipanga kutoka darajani mpaka kona, kila mmoja na kipande chake, tukupokezane kama ndoo ya maji siku nyumba inaungua. Tumeshajaribu. Tulimpandisha mume wa Waithira juu ya baiskeli ya mchungaji tukamsukuma. Alienda vizuri sana, akapita kona, hakujua kusimama, akaingia kwa mtaro. Baiskeli ni nzima. Mume wa Waithira anachechemea kidogo lakini yeye hupenda kulalamika.

Kigali utafika kabla wengine hawajafunga viatu.

Idd ikiisha Abdullahi atanipeleka mjini kwa hao wenye mashindano, waniandike kabisa, na wanipe ile kona iwe yetu, wasije wanawake wa kijiji kingine wakatuchukulia.

Istahil ameacha kuandika ananiangalia. Nimemuuliza ana nini, amesema kalamu imekauka. Kalamu haijakauka. Hawa vijana wote mna nini siku hizi.

Kula. Mkanda wako siku ile ya mashindano ulikuwa umefika tundu la mwisho, niliona.

Shosho yako,
Wakiuru
(kwa mkono wa Istahil)


Giakanja, 3 Aprili 2025

Ngendo, mdogo wangu,

Leo naandika kwa niaba yangu. Shosho ameondoka asubuhi na Abdullahi kwenda mjini, amevaa koti la kanisa. Nilimfuata mpaka kwa gari, nikafungua mdomo, nikaishia kumwambia atembee salama. Amebeba ndizi za kuwapa wenye mashindano.

Nilihifadhi ulichoniomba. Sasa naona nilihifadhi kitu kibaya. Atakaporudi sijui nitamwangalia vipi.

Istahil


Giakanja, 6 Aprili 2025

Ngendo,

Nimejua.

Nilifika huko kwao, chumba nyuma ya duka la misumari, nikamkuta kijana anaitwa Ngatia. Ana adabu, alinipa kiti, akanipa chai. Nikamweleza habari ya wanawake wangu na vipande vya barabara. Alianza kucheka, akidhani namtania. Halafu akaacha. Akaweka kikombe chini.

"Ni wewe, mama, uliyemsukuma yule msichana wa Nanyuki?"

"Ni mimi. Na ni msichana wa Giakanja. Wewe ndiye wa kizibao cha njano. Uliandika jina langu."

"Niliandika nambari yake, mama. Ili afutwe."

Nilimfanya anieleze tena, pole pole, kama mtu anayemweleza kiziwi. Alipomaliza nikamwambia basi futa mimi, mrudishe yeye. Akasema mimi sikuwa kwa mashindano. Nikamuuliza, na mtu akianguka? Akasema anainuka mwenyewe. Na asipoinuka? Gari linamchukua. Nikamwambia kumbe gari linaweza kumgusa, mimi niliyemwosha siwezi. Aliangalia ndizi zangu, halafu akasema neno ambalo nimerudi nalo nyumbani na sijui niliweke wapi. Alisema, "Mama, siku ile moja tunauliza mlima utuambie huyu ni nani. Ukimsukuma, mlima unatuambia habari zako wewe."

Nimelala na neno hilo. Silipendi. Kwetu mlima haujawahi kuuliza mtu yeyote ni nani, mlima ulikuwa wa kila mtu na tukaumaliza pamoja, ndiyo maana tuko hapa. Lakini nikiligeuza upande wa pili naona pia kijana hakudanganya. Viazi ukivisukuma vinafika sokoni, basi. Kilichokuwa juu ya baiskeli yako siku ile hakikuwa viazi.

Sasa nikuambie kilichoniuma, na si hicho. Nimeimba kanisani tangu Desemba wimbo ambao wewe unajua ni wa uongo, Istahil anajua, Nimo anajua, Abdullahi alikuwa anajua akinipeleka mjini na ndizi zangu magotini, aliongea habari za bei ya mbuzi njia nzima. Mkaniacha. Mlisema ni mzee, hajaenda shule, aachwe na furaha yake. Mtu asiyesoma si mtoto, Ngendo. Nimezika mume, nimezika mwana, nimezika ng'ombe aliyekuwa na mimba ya pacha. Ulidhani ni hili litanivunja?

Istahil analia hapa akiandika. Alie. Nimemwambia akimaliza kulia tutakunywa chai.

Watu wa kanisa nimewaambia leo, nilisimama wakati wa matangazo. Wengine walicheka. Mchungaji alisema lilikuwa tendo la upendo. Nikamwambia akae chini, upendo ulimfuta mtoto jina.

Kusukuma mtu aliyelemewa siwezi kujutia, nikijutia hilo nitakuwa sina mahali pa kusimama. Lakini nafasi ilikuwa yako, ikaenda, na mkono ulikuwa wangu. Hiyo nitaibeba mwenyewe, usije kunisaidia.

Tarehe 24 nitakuwa kwa shamba la chini, na viazi vyangu, mgongo kwa barabara. Wanawake nimewaambia wachume chai. Panda mlima wako.

Wakiuru


Nanyuki, 20 Aprili 2025

Shosho,

Leo ni Pasaka na duka limefungwa. Nimeanza barua hii mara nyingi. Mwambie Dada Istahil asome yote, hata pale atakapotaka kuruka.

Kuna kitu Ngatia hakukuambia, labda kwa kunihurumia. Alipokuja na pikipiki siku ile, aliniambia mara mbili, "Mwambie aache." Sheria yao inasema mwendeshaji akikataa kusukumwa, akisema wazi acha, anaonywa tu. Hafutwi. Sheria hiyo ninaijua, tulisomewa asubuhi. Nilikuwa na muda wa kusema, Shosho, acha. Ni maneno mawili.

Mkono wako ulipofika mgongoni niliujua kabla sijageuka. Niliujua kwa joto lake na kwa ile sugu ya kidole gumba. Na Shosho, niliacha kukanyaga. Hukuona kwa sababu ulikuwa umeinama, lakini miguu yangu ilisimama na ukanibeba wewe. Nilipumzika. Nilikuwa nimechoka, na sisemi uchovu wa asubuhi hiyo. Nilikuwa nimechoka tangu nije huku. Hapa hakuna mtu anayenigusa isipokuwa kunipa kuku nimshike. Nilitaka ule mkono ukae pale. Kwa muda ule Iten niliisahau kabisa.

Kwa hivyo si wewe uliyenifuta jina. Na hilo ndilo lililonizuia kuja. Kukudanganya kuhusu sheria ningeweza. Lakini ungeniuliza, Ngendo, una nini, na ningelia, na nikianza sijui ningemalizia wapi. Watu wa hapa wananiona nina nguvu.

Ninakuomba kitu kigumu. Usiende kwa viazi. Njoo pale kona, usimame mbele ya wote nikuone. Lakini usiniguse. Hata nikianguka. Hata nikikuangalia kwa macho ya kuomba, na ninajijua, nitakuangalia hivyo, usiniguse. Nataka kwenda Kigali, na kabla ya Kigali nataka kujua kama naweza kupita ile kona wewe ukiwa hapo.

Kama ni vigumu sana, baki shambani. Nitaelewa.

Ngendo wako


Giakanja, 27 Mei 2025

Ngendo,

Wewe ulikuwepo, najua, lakini ulikuwa unaangalia matope na cheni. Mimi ndiye niliyekuona, kwa hivyo nyamaza nikuambie.

Nilikuja. Kabura alinishika mkono huu, Waithira akanishika ule, kama ng'ombe anayengoja sindano. Niliwaomba mwenyewe wanishike. Mvua ilikuwa imeacha lakini barabara ilikuwa ya sabuni. Wavulana wawili walianguka mbele yetu wakainuka wakitukana, nikawaambia hapa kuna Wakristo. Ngatia alikuwa pale na kizibao chake na firimbi mdomoni. Hakukuangalia wewe. Aliniangalia mimi.

Wale wasichana wawili wa kwanza wakapita. Halafu nikakuona na Nimo, mmeandamana, yeye na kile kitambaa chake cheusi chini ya kofia, magurudumu yenu yanakaribia kugusana. Nikasema Mungu, mimi sikuombi mambo mengi. Na pale pale kwa kona cheni yako ikatoka ukaanguka upande wangu. Hata ungenyoosha mkono ungeshika gambuti yangu.

Nimo alipita. Aligeuka, nilimwona, alitaka kusimama. Nikamwambia, "Wewe nenda," akaenda.

Halafu ukaniangalia. Uliniambia utaniangalia hivyo na nilidhani nimejitayarisha. Mtu hajitayarishi. Kabura aliniachia mkono, mjinga yule, na machozi yanamtoka, akaninong'oneza, msukume, nani anajali Kigali. Mkono wangu ulikuwa huru. Mgongo wako ulikuwa hapo, una matope, unapanda na kushuka. Mgongo huo nimeubeba, nimeupaka mafuta, nimeukanda ulipokuwa na homa ya mapafu na daktari amekata tamaa. Nikasema, "Sikugusi. Inuka."

Nilisema kwa sauti mbaya, najua. Sauti nzuri haikupatikana.

Waithira ameniambia baadaye nina moyo wa jiwe. Lakini wewe uliirudisha cheni kwa vidole, vikawa vyeusi, ukapanda, ukakanyaga, kwanza hukwenda popote, ukakanyaga tena. Ukaondoka. Nilikuangalia mpaka ile miti ikakufunika. Nilikaa chini kwenye matope na koti la kanisa.

Wa nne. Nimo wa tatu na wewe wa nne, na ati gurudumu lake lilikutangulia kama urefu wa mkono. Nimo anaenda Kigali, na wewe huendi.

Uliteremka. Ulikuja mpaka kona, ukanipa ule mkono wa mafuta, ukasema "Shosho," na lori la klabu likapiga honi mkaondoka. Ni sawa. Nimekaa na ule mkono siku tatu na mafuta bado yamo kwenye mistari.

Lakini usiku huo mawazo yalinijia, na mimi si mtu wa mawazo, mimi ni mtu wa jembe. Nilikusukuma ukakosa nafasi. Nikakuacha ukakosa nafasi. Sasa najiuliza hii mikono ni ya nini. Nimemuuliza Istahil, amesema anayejua ni Mungu. Nimemuuliza Kabura, amesema ni ya kuchuma chai na nimechelewa. Kama ningekusaidia na hiyo cheni tu, nikaishikilia tu? Ngatia angeandika. Najua angeandika. Na bado najiuliza, na nadhani nitajiuliza mpaka nizikwe, na hilo halinisumbui kama nilivyodhani. Kuna maswali mtu anaweza kuishi nayo kama paka ndani ya nyumba.

Waithira alisema wa nne si kitu. Nikamwambia, wewe ulikuwa wa ngapi?

Ngatia alipita hapa jana, jina lako analo, liko kwa orodha, hakuna mtu amelikata. Aliniletea habari kwamba mashindano mengine ni Desemba. Hakusema pole. Alisema, "Mama, ulisimama." Nikampa maziwa akanywa. Kumbe mama yake anatoka Kiriaini, ana watu kama sisi.

Yale uliyoandika siku ya Pasaka sijayajibu. Istahil aliyasoma yote, hakuruka. Kwamba hapo Nanyuki hakuna mtu anayekugusa. Hayo si mambo ya karatasi. Mimi nilikuwa nikikuuliza mambo ya mashindano, na mashindano hayakuwa ugonjwa.

Sasa sikiliza. Utakuja Jumamosi, umwombe mwenye duka, na akikataa mwambie ni shosho yako, anipigie simu nimweleze. Uje na Nimo. Istahil anataka kumpikia kabla hajaenda, na mimi nataka kumwangalia hiyo miguu. Mje kwa baiskeli, mpitie barabara ya chini kwa maana ya juu imekatwa na maji. Mkifika darajani mshuke. Nimo atangulie aende kwa shangazi yake. Wewe unisubiri, mimi nitateremka, magoti yangu hayana haraka. Mtu aliye juu ya baiskeli haongei vizuri. Utashika usukani, mimi nitashika kiti, tupande pole pole, na uanze na ile siku ya kwanza uliyochoka huko Nanyuki, usiruke kitu.

Shosho yako,
Wakiuru
(kwa mkono wa Istahil)